Mwanzo Nilioukata

Katika mji ninaotoka mimi, sauti ya mtu huandikishwa Sokoni siku anayoanza kuimba, na tangu siku hiyo si yake tena. Sisemi haya kwa uchungu. Uchungu unataka nguvu, na nguvu zangu ziliisha zamani. Nasema tu ili anayesoma ajue ni mji wa namna gani. Unapita mtaani unaisikia sauti yako ndani ya duka la viatu, inasifia viatu usivyowahi kuvivaa. Unaingia kwenye lifti, sauti yako inakukaribisha. Unakaa kwako kunywa chai, na sauti yako iko mahali fulani inawachezesha watu kwenye harusi ambayo hukualikwa. Ndipo likanijia swali lililonisumbua kwa miaka: ikiwa sauti yangu iko kila mahali ambapo mimi sipo, basi hapa nilipo kuna nini? Niliwauliza wasanii wenzangu wa hip hop. Mmoja alisema kuna mwili, na mwili una matumizi yake. Mwingine alinishauri nipunguze kahawa.

Jukwaani waliniita Nondo. Mama aliniita Salmini. Baba alikuwa mtu wa kisiwa kimoja cha Karibea, kisiwa kidogo ambacho ramani za mji wetu hukifunika kwa mchoro wa dira. Alikuja kufundisha fizikia, akamwoa mama, akapata homa, akafa kabla sijaanza shule. Maisha yake kwetu yanaenea kwenye sentensi moja. Amezikwa katika makaburi ya jiji, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kabla ya kukata roho alimwambia mama kwamba watu wa kwao wakifia ugenini hawafiki nyumbani mpaka ndugu zao wawapigie ngoma ya taifa lao. Mama alidhani ni homa inayosema. Aliponisimulia nilikuwa mtu mzima tayari, nyimbo zangu zinauza soda, na tangu hapo sikuweza kuiondoa akilini picha ya mtu aliyesimama mahali, si huku wala si huko, akingoja ngoma. Nilitaka baba afike. Ukiondoa falsafa yote nitakayoimwaga hapa, jambo lenyewe ni hilo.

Nikamwendea meneja wangu. Ni mtu mpole. Ofisini kwake saa za ukutani zinaonyesha kila moja wakati wake, kwa sababu kila moja imekodishwa na mteja wake.

"Nataka kutengeneza albamu isiyouzwa," nikamwambia.

"Isiyouzwa sana?"

"Isiyouzwa kabisa. Ya ngoma za kwao baba. Nitaitengenezea huko huko na itabaki huko huko."

Alinitazama. Nilitegemea hasira, nikaona huruma, na huruma ilinichosha zaidi.

"Nondo, kitu kisichouzwa hakijafika duniani. Hiyo siyo albamu, hiyo ni barua kwa marehemu."

"Basi na iwe barua."

"Nenda," akasema, akinishika bega. "Umechoka, naona. Ukirudi utakuwa umepata lafudhi ya huko. Tutaiuza lafudhi."

Sikumbuki ndege. Nakumbuka ukumbi mrefu wa uwanja wa ndege, mabango yenye picha yangu pande zote mbili, nami natembea na begi lenye mashine ya biti begani. Nikatembea, nikatembea. Kwenye mabango nikawa kijana, kisha mtoto, kisha karatasi tupu. Sakafu ya marumaru ikawa saruji, saruji ikawa udongo, hewa ikaanza kunukia kungumanga, na mlango wa kutokea ulipofunguka nikajikuta uani kwa mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akianika mashuka.

"Alford," alisema, hata hakugeuka vizuri. "Umechelewa. Chakula kimeshapoa."

Alford lilikuwa jina la baba. Mwanamke alikuwa Shangazi Ismay, dada yake wa pekee. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mimi si Alford, mimi ni mtoto wa Alford, nimetoka mbali. Akasema sawa, Alford, kaa ule. Watu wa pale waliongea lugha niliyoielewa, na sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimechoka mno kuchunguza mambo yanayokwenda vizuri. Redio ya dirishani ilisoma habari za mwaka niliozaliwa. Baada ya siku chache niliacha kumsahihisha. Akiita Alford, naitika. Na kusema kweli ilinipumzisha, kuwa mtu ambaye hajatoa wimbo hata mmoja.

Nilikuwa nimekuja na kaseti. Baba aliirekodi bila kukusudia, akijaribu redio mpya, na kilichomo ni maji ya beseni na yeye akivumisha wimbo kooni huku ananyoa ndevu. Nilimchezea Shangazi. Alisikiliza akiwa na vibanio vya nguo mdomoni, akavitoa kimoja kimoja.

"Ni ya Watemne," alisema. "Sisi ni Watemne. Na hapo katikati umekosea, Alford. Tangu utotoni unapakosea."

Pale kisiwani kila ukoo unakumbuka taifa la Afrika ambako mababu zao walitekwa kuwa watumwa, na kila taifa lina mapigo yake. Mtu anaweza kusahau jina la babu yake mzaa babu, lakini mapigo hasahau. Niliposikia neno lile, Watemne, nilikaa chini kwenye ngazi. Nilikuwa nimeghani jukwaani miaka yote kuhusu asili na mizizi, nikipunga mkono kuelekea upande wowote wa dunia, na hapa mtu ananipa anwani yangu huku anakunja shuka. Sikulia. Nilisikia tu uchovu ukishuka kutoka mabegani hadi magotini.

Shida ilikuwa watu. Ngoma ile inataka wapigaji watatu, waimbaji, na duara la wachezaji, na kisiwa kilikuwa kimebaki na watu wa kukaa kwenye viti. Vijana walikuwa wamekwenda kwenye miji kama ule wangu, kuandikisha sauti zao. Mpigaji aliyesalia alikuwa mmoja, Mzee Linton wa nyumba ya pili. Ngoma zake tatu zilitengenezwa kwa mapipa ya pombe ya miwa na kuwambwa ngozi ya mbuzi, mbili za kuunguruma na moja ya kukata, yenye uzi uliotungwa pini juu ya ngozi, unaolia kama mchele ukimiminwa kwenye sinia. Nikawaambia mashine yangu inaweza kumfanya mtu mmoja kuwa watatu. Linton akasema marehemu mkewe alikuwa akilalamika kwamba hata mmoja ni wengi. Tukakubaliana hivi: atapiga ngoma moja moja, nitazipanga juu ya nyingine, Shangazi ataimba, na siku ya karamu ya kumwita marehemu tutaweka spika uani, albamu ndiyo iwe ngoma. Majirani wachache waliobaki watacheza. Baba atasikia taifa lake, atafika.

Siku ya kurekodi Shangazi alivaa gauni la kanisani. Alishika kikombe cha maji na kikombe cha pombe, akauzunguka uwanja taratibu akimwaga huku na huku, akiita majina kwa sauti ya chini: wazee wote wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na mwisho Alford, mara moja tu. Kisha akasimama. Linton aligusa ngoma kwa ncha ya kidole, kidogo sana, kisha hata hiyo akaacha. Wakasimama hivyo. Mimi nikiwa na hedifoni masikioni nilisikia upepo, mbuzi wa jirani, pumzi ya Shangazi. Nilidhani amesahau maneno, nikaona vibaya kumkumbusha mtu mzima. Walingoja mpaka jasho likaonekana mgongoni mwa gauni. Ndipo akaimba, na ngoma ya kukata ikaingia kwa kishindo, na mimi nikasema moyoni, haya, sasa imeanza.

Hapa sina budi kueleza kazi yetu. Msanii wa hip hop huchukua sauti ya zamani, akaikata kichwa ili ianze palepale kwenye pigo. Anayeacha hewa mbele ya pigo huchekwa studio nzima. Nimefanya hivyo tangu ujana, mkono wangu hukata wenyewe, kama mkono wa mama unavyochambua mchele huku yeye anaongea na jirani. Katika mji wetu kuna sababu kubwa zaidi. Kimya hakikodishiki. Huwezi kukiweka kwenye duka la viatu. Nimewahi kufikiri kwamba mtawala wa kweli wa mji ule si Soko wala meneja wala wateja wenye saa ukutani. Mtawala ni ile hofu ya nukta tupu kabla jambo halijaanza, na sisi wenye mashine ni askari wake. Lakini hayo niliyafikiri baadaye. Alasiri ile, chumbani kwa Shangazi, nilikuwa nafanya kazi tu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kazi ilikuwa tamu. Nikakata. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, na vipande vilivyobaki nikavifuta, kama fundi cherehani anavyofagia vitambaa.

Juu ya mapigo yale niliweka mistari yangu, na nayo haikuja kama nilivyozoea. Haikuwa na vina. Mimi ni mtoto wa sentensi moja. Mimi ni lafudhi inayongoja mnunuzi. Nani ananiita Alford. Nani anaitika. Nimekuja mikono mitupu, hapana, nimekuja na mashine, mashine imejaa watu. Baba, umesimama wapi. Kama umechoka, mimi pia. Niliisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake kwenye foleni, na nilipomaliza nilijua sijawahi kutengeneza kitu kizuri zaidi. Nilijua pia kwamba hakuna atakayekitia bei. Nililala mchana kutwa.

Karamu ikafanyika kesho yake mchana, jua limesimama wima. Ndani ya nyumba Shangazi alikuwa ameandaa meza ya marehemu, wali, ugali wa kwao, samaki, nyama ya mbuzi, glasi ya pombe, na hakuna mtu aliye hai aliyeruhusiwa kuigusa. Uani walikuja majirani, wengi wao na fimbo za kutembelea. Niliweka spika mbili kwenye viti. Nikabonyeza.

Ngoma ya kukata ililipuka uani kana kwamba Linton amekuwa watatu kweli. Ilikuwa imenyooka, nzito, haina hewa hata kidogo. Na watu wakafanya kile ambacho muziki wangu umewafanyisha watu siku zote: waliinuka. Mama mmoja aliyekuwa akilalamikia goti alitupa fimbo akaingia uwanjani. Wakamfuata wengine. Mimi mwenyewe niliingia, nikacheza katikati, nikacheka, hata Linton alikuwa akitikisa kichwa kwa kuipenda. Uwanja ukajaa mara moja.

Shangazi Ismay hakucheza. Aliinuka kwenye kiti chake, akaja mpaka kwenye spika, akaiwekea kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Zima," alisema.

Nikazima. Watu wakabaki wamesimama uwanjani, wanahema.

"Mwanzo uko wapi?"

"Mwanzo ndio huo, Shangazi. Ngoma inapoanza."

"Ngoma ilianza nilipomwaga maji. Nilimwita ndugu yangu mbele ya hiyo mashine yako. Tukamwachia uwanja. Uko wapi huo uwanja?"

Nilianza kumweleza. Niliposikia maneno yangu yakitoka, pigo, kichwa, hewa, nikaelewa nilichofanya kabla hajanieleza. Uwanja huachwa mtupu kwanza kwa sababu waliotangulia ndio hufungua ngoma. Walio hai husubiri pembeni mpaka wale wengine wafike, wacheze, washibe kucheza. Kile nilichodhani ni usahaulifu wa mwanamke mzee kilikuwa mlango. Nilikuwa nimeukata, nikaufuta, kisha nikawajaza watu uwanja ambao baba alikuwa akingoja aachiwe.

"Nilikuwa naifurahia," Linton alisema kwa unyonge. "Ilikuwa imechangamka."

"Kuchangamka imechangamka," alisema Shangazi. "Mwenyewe yuko nje."

Nikamwomba aite tena. Nikasema nitarekodi tena, sitagusa kitu, nitaacha hata mbuzi wa jirani. Akatikisa kichwa. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka kama mimi, nadhani ni ugonjwa wa ukoo. Dada humwita kaka yake mara moja, alisema, na mara yake ilikwisha, aliitia ndani ya kisanduku changu. Kisha akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Wewe si Alford," alisema. "Alford asingekata pale."

Nilikuwa nimemwambia hivyo tangu siku ya kwanza, na bado liliniuma kama kufukuzwa nyumbani. Nikamuuliza kama mtoto anaweza kuita. Akamtazama Linton, Linton akatazama ngoma zake.

"Mtoto anaweza," Shangazi alisema hatimaye. "Sijawahi kuona, maana watoto walikuwa hawaondoki wala baba zao hawaondoki. Lakini aliyefunga ndiye afungue. Hayo yanaingia akilini."

Majirani wakatoka uwanjani, wakarudi kwenye viti vyao. Nikapewa kikombe cha maji na kikombe cha pombe. Nikazunguka nikimwaga, maji mengi yakiniangukia viatuni. Majina ya wazee sikuyajua, Shangazi akawa ananinong'oneza na mimi nayasema. Tulipofika mwisho akanyamaza, lile nililazimika kulitoa mwenyewe. Nikafungua kinywa kusema Alford, lakini lilikuwa limekaa kwangu siku nyingi, lilinijia kama jina langu. Nikasema, "Baba." Mara moja. Nikaenda kusimama pembeni mwa ngoma, na kikombe kitupu mkononi.

Kimya.

Nieleze vipi kimya kile. Mimi ni mtu niliyelipia maisha yangu kwa kujaza. Kila penye nafasi nimetia neno, penye neno nimetia mwangwi wa neno. Nikajisikia naanza kuhesabu mapigo kichwani, nikajizuia, nikaanza tena. Nikafikiri, huu ni upuuzi, mimi ni mtu mzima nimesimama juani nikitazama udongo. Nikafikiri, kama hapa hakuna sauti yangu, na mjini iko kila mahali, basi pengine ndiyo mara ya kwanza mimi niko mahali fulani. Nikafikiri kuhusu makaburi nyuma ya kiwanda cha magodoro, majani yake, uzio wake. Kisha mawazo nayo yakachoka yakakaa. Maji uwanjani yalikuwa yakikauka. Hakuna aliyekohoa. Linton alikuwa ameweka kidole juu ya ngozi, hajakibonyeza. Niliogopa sana, na woga wangu ulikuwa wa kitoto kabisa: niliogopa kwamba hatakuja kwa sababu aliyeita ni mimi.

"Ameingia," alisema Shangazi Ismay.

Nikatazama. Udongo, madoa ya maji, kivuli cha kamba ya nguo. Sikuona kitu kingine. Lakini Linton alikuwa ameinamisha kichwa, na mama yule wa goti alikuwa ameshika mdomo.

"Yukoje?" nikauliza kwa kunong'ona.

"Kijana." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hayafuti. "Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa kijana hivyo. Miguu imemvimba. Amesimama muda mrefu, maskini."

"Anasema nini?"

Alisikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Anauliza yule mzee pale, aliyeshika kikombe, ni nani."

Nikageuka kumtafuta mzee huyo, kisha nikaelewa. Baba alikufa hajapata hata mvi moja. Mimi zangu niliacha kuzipaka rangi zamani.

"Mwambie ni mwanawe," nikasema.

Shangazi alisogeza midomo bila sauti. Kisha akatega sikio tena, akapokea jibu, na nikaona hataki kunipa.

"Sema tu, Shangazi."

"Anasema hapana. Anasema mwanawe ni mdogo, amemwacha nyumbani amelala."

Nilikuwa na albamu nzima ya kumwambia. Nilikuwa na mistari juu ya mistari.

"Mwambie sawa," nikasema. "Mwambie asimwamshe."